Mkaguzi wa Giligilani

4 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya moshi wa karakana, na hayo umeshayazoea. Natumaini goti limetulia, na kwamba jirani yako mshonaji bado anakuletea uji hata kama unamsimanga kuwa uji wake ni mwepesi. Shangazi nilimwona mwezi uliopita, anakusalimu. Bado anagombana na meno yake ya bandia. Akicheka anayashika kwa mkono.

Nimehama. Nimepata vyumba viwili kwa mama mmoja, nesi mstaafu, na nyuma ya vyumba kuna uwanja. Usicheke. Nimeupima kwa futi ya chuma: mita sita kwa nne, na humo humo kuna kamba ya nguo, bomba la maji na mfuniko wa shimo la maji machafu. Mwenye nyumba amenipa masharti mawili. Nisichimbe zaidi ya urefu wa kiganja, kwa sababu ya mabomba yaliyo chini, na siku nikihama niuache uwanja kama nilivyoukuta.

Nataka kulima, Baba. Mboga na viungo. Najua sentensi hiyo utairudia. Hujasahau, wala mimi sijasahau, siku ulipokuja shuleni kwetu kukagua bustani, una kofia yako ya kazi na ubao wa karatasi kwapani. Ukapita tuta baada ya tuta mpaka ukafika kwenye langu. Bwana Shamba wa wilaya nzima, tena baba yangu mzazi, ukatangaza mbele ya darasa: nne katika kumi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nadhani nilianza kupenda chuma siku ile, maana chuma hakinyauki.

Nitumie mbegu na maelezo. Kisha mwezi wa tisa uje ukague tena. Alama yoyote utakayonipa nitaipokea, ila ile nne imekaa kwangu miaka ishirini na sita na sasa imenichosha. Simu najua huitaki, unasema maneno ya simu hayaingii kwenye faili. Basi nangoja barua.

Mwanao, fundi wa kuchomelea

2 Aprili

Kwako binti yangu,

Marahaba. Goti lipo. Uji wa jirani bado mwepesi, unaweza kuonea sura yako ndani yake, lakini ukiukosa asubuhi siku haianzi. Mwambie shangazi yako aache kucheka hadharani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, si mbili. Mtu aliyechagua kuchoma, leo anataka kulea. Haya, maji hufuata mkondo. Nilijua udongo utakuita tu. Ila kuhusu alama usitegemee upole wa uzeeni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika miaka thelathini na minne ya kazi sijampa mtu zaidi ya saba, na huyo wa saba msimu uliofuata aliacha mbuzi wakamaliza kabichi zote.

Nakutumia vifurushi vinne: mchicha, bamia, mrehani na giligilani. Hizo tatu za kwanza hata ukiziua nitakusamehe. Giligilani ni za marehemu mama yako. Alikuja nazo siku niliyomwoa, amezifunga kwenye pembe ya kitambaa, akasema mahari mmetoa ninyi, hii ni ya kwangu. Tangu afariki, mwaka wa kumi na tisa huu, nazipanda na kuzivuna na kuzihifadhi. Nimekugawia nusu. Punje moja ni mbegu mbili zilizokumbatiana. Zibane chini ya chupa mpaka zipasuke, ziloweke usiku kucha, zifukie kina cha ukucha. Siku kumi, zikizidi sana kumi na mbili, utaziona.

Ukiona mistari inapandana, lawama ni za kalamu. Kalamu za siku hizi hazina nidhamu.

Baba yako, Bwana Shamba mstaafu

11 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Huku mvua imekuja, karakana inavuja, na mimi nimepandishwa: sasa nawasimamia mafundi wawili, wote wakubwa kwangu, na mmoja amekubali. Mwingine anasema sikio halipiti kichwa. Nimempa milango ya geti anyooshe, tutaona nani sikio.

Bustani imeanza. Kwa kuwa kuchimba nimekatazwa, nilichukua mapipa matatu ya mafuta ya kula yaliyotupwa karakana, nikayapasua kwa urefu, yakawa mahori sita. Nikayasugua, nikayatoboa chini maji yapate pa kutokea, nikayaweka kwenye miguu ya nondo. Siku ya kuhama nitayafungua bolti niondoke nayo. Mwenye nyumba alikuja na miwani yake kutafuta kosa, akazunguka mara mbili, akaondoka bila neno. Kwake yeye hiyo ni nishani.

Mchicha umetoka siku ya nne. Nafasi kati ya mche na mche ni sentimita kumi na tano kamili; nimepima kwa rula ya chuma. Bamia zimenyanyua shingo. Mrehani ukiupitia karibu unanukia mpaka ndani ya nguo.

Giligilani zimeniweka roho juu. Zilikuwa ngumu, Baba, na nyeusi kuliko nilivyozikumbuka kwa Mama. Chupa haikufua dafu, nikatumia nyundo ndogo ya karakana, kwa adabu. Maji ya kulowekea yakawa rangi ya chai. Leo ni siku ya ishirini na sita na hakuna hata moja iliyochungulia. Namwagilia asubuhi na jioni, na jana nilijikuta nazisalimia. Nimekosea wapi? Niambie bila kunificha, maana hizi si za kununua.

Na wewe barua yako ilikuwa na maandishi makubwa, na mstari wa mwisho ulitoka nje ya karatasi. Kalamu gani hiyo?

Mwanao

30 Mei

Kwako binti yangu,

Marahaba. Barua hii anaiandika jirani mshonaji, mimi natamka. Kifundo cha mkono kimeteguka, jambo dogo, usilifanyie mkutano.

Hongera ya kusimamia watu. Huyo wa sikio na kichwa mpe kazi ngumu asubuhi na umsifie jioni, atatulia.

Mahori ya pipa sijawahi kuyaona, na sikatai kitu nisichokiona. Mchicha kwa rula ni kichekesho, lakini nimekuelewa. Sasa giligilani. Mbegu hizo hazijawahi kugoma kwa mama yako, wala kwangu. Mbegu haina kosa, kosa ni la mkono. Umezimwagilia mpaka zimezama. Umezipiga nyundo, mtoto wa Bwana Shamba, umezipiga nyundo. Acha maji siku tano, kisha uangalie. Kama hakuna kitu, sema ukweli, tutajua la kufanya. Ila kwa sasa nne yako iko palepale.

Baba yako

Ni mimi mshonaji ninayeandika mwenyewe sasa, mzee amesinzia kwenye kiti. Nimeambiwa nisiandike habari ya ngazi ya mlangoni, wala ya chumvi aliyotia kwenye chai, wala kwamba kifundo cha mkono hakina hata uvimbe. Kwa hiyo siandiki. Mimi nashona tu.

3 Julai

Kwako Baba,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa jirani anayetusomea na kutuandikia. Shangazi amebadilisha meno, sasa anacheka kwa mikono yote miwili chini.

Giligilani imeota. Ulisema kweli, maji yalizidi. Niliacha siku tano kama ulivyoagiza, na sasa hori zima ni kijani, majani yamechanika kingo vizuri, ukiyafikicha unaingia jikoni kwa Mama. Mkono ndio uliokosea, mbegu haina kosa. Nimeshakatia mchuzi mara mbili. Mwenye nyumba alikuja kuomba kidogo, kesho yake akaja bila kuomba.

Kwa kuwa kifundo cha mkono kinakusumbua, nimekutengenezea kitu, kiko kwenye bahasha ngumu. Ni kibao cha bati jembamba. Nimekikata mianya kumi na minne, kila mwanya ni mstari mmoja. Kiweke juu ya karatasi, kalamu ipite ndani ya mwanya. Haiwezi kupanda wala kushuka, hata iwe na utovu gani wa nidhamu. Kingo nimezipiga tupa zisikukate. Kifundo kikichoka, unapumzisha kalamu kwenye mwanya, unaendelea baadaye kutoka hapo hapo.

Mwezi wa tisa haujabadilika. Nakusubiri.

Mwanao

9 Agosti

Kwako binti yangu,

Marahaba. Ninayeandika ni mimi. Kibao ni kazi ya fundi. Jirani anasema mistari imenyooka kama mshono wake, na huyo hasifii mishono ya watu.

Sasa nikupongeze kwa jambo jingine. Miaka thelathini na minne nimezunguka mashamba ya watu, sijawahi kumwona mkulima aliyeotesha giligilani kutoka kwenye pilipili manga. Wewe ni wa kwanza.

Wiki iliyopita jirani alikuwa anapika kwangu, akaomba pilipili manga. Nikampa chupa kutoka rafuni. Akaifungua, akasema, "Mzee, hii si pilipili, hizi giligilani." Akasoma na karatasi niliyobandika miaka ile: za mama wa mtoto. Nikamwambia ashushe ile nyingine. Ilikuwa pilipili manga, imepungua nusu. Nikaelewa nilichokufungia. Siku ile nilikuwa na mafua, na kiburi nacho hakina pua.

Kwa hiyo ulipoandika hori zima ni kijani, ulikuwa unanibembeleza kama mtoto. Usifanye hivyo tena. Mimi ni baba yako, nikikosea niambie nimekosea.

Mficha maradhi kifo humuumbua, basi nisiumbuliwe. Macho, mwanangu. Presha ya macho. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, dawa inalinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo, kama kutazama kwa tundu la kufuli. Barua zako zote amenisomea jirani, pamoja na ile niliyosema nimeisoma mara tatu. Ngazi ya mlangoni nimeanguka mara mbili. Bustani yangu ni magugu tangu mwaka jana. Ndiyo sababu nilikugawia mbegu za mama yako. Nilijua sitazipanda tena.

Nakutumia zote zilizobaki. Jirani amezitazama, na mimi nimeziuma moja moja kwa uhakika. Mwezi wa tisa sitakuja. Mkaguzi asiyeona ni kichekesho, na mimi nilishawacheka wengi, najua inavyouma.

Baba yako

30 Agosti

Kwako Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye sufuria ya jirani. Nisamehe. Ilikuwa hivi: siku ya arobaini nilifukua punje moja, nikaiosha, nikaiuma. Nikakaa kwenye mfuniko wa shimo nikacheka mpaka mwenye nyumba akachungulia dirishani. Halafu nikaacha kucheka. Wewe ulikuwa unatambua ugonjwa wa nyanya ukiwa barabarani, hujashuka hata kwenye baiskeli. Mtu huyo hafungi pilipili manga akaandika giligilani, isipokuwa kuna kitu hakisemi. Nikanunua mbegu sokoni, nikapanda, nikakuandikia uongo. Niliogopa kwamba ukijua umekosea utaacha kuniandikia. Hilo lingeniuma kuliko nne.

Za Mama nimezipanda siku ile ile zilipofika. Chupa, si nyundo. Zimeota siku ya tisa. Nilipiga magoti kwenye saruji kuzitazama, na nikalia, nakwambia waziwazi.

Sasa nisikilize na mimi. Usiniambie habari za kichekesho. Mahori yangu yana miguu kwa sababu ya masharti ya mwenye nyumba, lakini nimeiongeza miguu yote, na kipimo amenipa jirani yako kutoka daftari lake: urefu wa kiuno chako, suruali ya kijivu. Huinami. Nimefunga bomba la chuma la kushika, linaanzia mlango wa jikoni na kupita mbele ya mahori yote sita. Kila hori nimelichongea alama kwenye bomba kwa tupa. Mkato mmoja nanaa, miwili mchaichai, mitatu mrehani, minne bamia, mitano mchicha, sita giligilani. Hakuna ngazi, nimeijaza saruji ikawa mteremko. Mwenye nyumba ameniruhusu, yeye mwenyewe nyonga inamsumbua.

Ulinifundisha kwamba udongo unapimwa kwa vidole na mche unapimwa kwa pua, macho ni ya kuwatishia wakulima. Hayo ni maneno yako. Njoo na vidole na pua. Tarehe kumi na tano nitakuwa kituo cha basi tangu asubuhi, nimevaa ovaroli la bluu, utanisikia kabla ya kunifikia.

Mwanao

14 Oktoba

Kwako binti yangu,

Marahaba, na nimefika salama. Jirani alikuwa amenipikia uji. Nimemwambia ni mwepesi, akasema karibu nyumbani.

Siku kumi na nne nilizokaa kwako sikusema mengi, ukadhani nimenuna. Nilikuwa nafanya kazi. Ripoti ya ukaguzi huandikwa ofisini, si shambani, ndiyo hii.

Mrehani umeuacha uchanue. Maua yanamaliza harufu, yakate kila wiki. Bamia zimebanana, ng'oa mche mmoja kati ya miwili na usiwe na huruma. Mchicha umepangwa kama askari wa gwaride. Mchicha hauhitaji gwaride, uuache ujichanganye. Udongo wa hori la pili ni mzito, tia mchanga. Bomba la kushika halina kosa. Nimelipitisha mkono asubuhi zote kumi na nne nikitafuta, kiungo hata kimoja hakinikwaruzi. Hori la sita nilisimama mbele yake siku ya kwanza mpaka ukaniita chai ikiwa imepoa. Nilikuwa nafikicha jani. Uliuliza kama nimechoka, nikasema ndiyo. Sikuwa nimechoka. Ni yenyewe, mwanangu. Ni ya mama yako, na imetoka mkononi mwako, na nimejivuna kuliko siku niliyopewa ile baiskeli ya kazi.

Alama sitakupa. Usikasirike. Siku ya tano ulipokwenda karakana nilihamisha miche ya nanaa, nikapalilia hori zima la tano, na mwenye nyumba ni shahidi, alinishikia ndoo. Mkaguzi hakagui shamba lake. Mwezi wa kumi na mbili nakuja na sanduku, kiti changu na mafaili. Mwambie mwenye nyumba na mimi nina masharti mawili: uji uwe mzito, na hori la tano lisiguswe na mtu. Jirani atabaki na ufunguo wa hapa. Anasema atanikosa, lakini ameyasema hayo akiwa na pini mdomoni, huenda sikusikia vizuri.

Limebaki moja. Siku ile ya shuleni nilipofika kwenye tuta lako, mwalimu mkuu alikuwa ananitazama, na watoto wa watu walikuwa wananitazama. Tuta lako lilistahili alama nane. Sikuwa nimewahi kutoa nane. Nikaogopa watu watasema Bwana Shamba kampendelea mwanawe, nikaandika nne, na jioni ulipokataa kula nikajiambia atasahau. Nilimwogopa mwalimu mkuu nikakuonea wewe. Nisamehe.

Faili la mwaka ule ninalo. Leo asubuhi jirani amenitafutia ukurasa. Nimeweka kibao chako juu yake, nimekata nne, nimeandika nane na kutia sahihi. Jirani amekagua, anasema wino wote umekaa ndani ya mstari.

Baba yako, Bwana Shamba